Mgao wa Siku Tisa, Mwezi wa Siku Thelathini

Safari hii hatutazungumzia ugonjwa. Tutazungumzia jambo linaloleta magonjwa mengi nyumbani, yaani mgao unapopunguzwa na bei ya sokoni inapopanda wakati huohuo. Akina mama wengi wametuuliza: nyumba ijipange vipi kabla siku hizo hazijafika?

Mimi si mtu wa uchumi. Ni mhudumu wa afya wa kujitolea, natembea nyumba kwa nyumba na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Lakini kazi hiyo inafundisha. Nyumba ambayo chakula kimeyumba, mkono wa mtoto husema kabla mzazi hajasema. Na nimeona nyumba mbili zilizo jirani, zenye watu sawa na mgao sawa, moja ikapita kwenye kipindi kigumu watoto wakiwa wazima, nyingine ikaishia kituo cha lishe. Tofauti haikuwa fedha. Ilikuwa ni vitu gani viliuzwa kwanza, na nani alipunguziwa chakula kwanza.

Kupunguzwa kwa mgao si jambo la mara moja

Watu wengi huchukulia kila upunguzaji kama ajali. Tutazame miaka. Agosti 2016, wakimbizi waliofika Uganda kabla ya Julai 2015 walikatwa nusu ya mgao. Aprili 2020, wakati wa korona, kila mtu alipunguziwa asilimia 30. Februari 2021 mgao ukashuka tena, ikabaki asilimia 60. Julai 2023 familia zikagawanywa katika madaraja matatu: walio katika hali mbaya zaidi walipewa asilimia 60, wa katikati asilimia 30, na waliohesabiwa kuwa wanajitegemea hawakupewa kitu. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, yaani WFP, lilitangaza kwamba watu wapatao milioni 1 hapa Uganda hawatasaidiwa tena kwa chakula.

Ndiyo kusema tangu 2016 jambo hili limerudi mara tano. Mkulima hasemi kiangazi kimemshtukiza, kwa sababu anajua kinakuja. Nasi tuuchukulie mgao hivyo hivyo.

Kwenye foleni husikika maneno mengi, kwamba chakula kimeliwa na mtu fulani, au kwamba mwezi ujao tutalipwa vyote vilivyokatwa. Tafadhali msiweke mipango ya nyumba juu ya maneno hayo. WFP haina kodi wala mfuko wa kudumu, inategemea michango ambayo serikali na watu hutoa kwa hiari. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, nafaka, mafuta ya kupikia na mafuta ya magari vilipanda bei duniani kote, hivyo fedha ileile ikanunua magunia machache. Januari 2025 Marekani, iliyokuwa mchangiaji mkubwa kuliko wote, ilisimamisha misaada yake mingi ya nje, na Julai 1 mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa rasmi. Mambo hayo yako mbali na uwezo wetu. Lakini sufuria iko jikoni kwetu, na mipango yake tunaipanga sisi.

Hesabu kwa siku

Watu wamezoea kuhesabu mgao kwa kilo au kwa shilingi. Mimi naomba tuhesabu kwa siku. Mgao kamili hupangwa ili mtu mmoja apate nishati ya kilokalori 2,100 kwa siku. Asilimia 60 ni kilokalori 1,260. Asilimia 30 ni 630, ambazo hazimtoshi hata mtoto mdogo wa miaka miwili.

Sasa geuza iwe siku. Familia yenye asilimia 60, ikila kama zamani, chakula kinakwisha siku ya 18. Familia yenye asilimia 30 inamaliza siku ya 9. Zinabaki siku 21 ambazo chakula chake lazima kitoke kwingine: shambani, kwenye leja-leja, kwenye biashara ndogo, au kwa ndugu aliye mbali. Ukiandika hivyo kwenye karatasi, kila mtu nyumbani anaelewa, hata kijana wa miaka kumi na miwili. Huoni tena "tumepunguziwa", unaona "tunatafuta siku 21".

Hesabu hiyo ifanywe na watu wote wakubwa wa nyumba, baba akiwepo. Nasema baba akiwepo kwa sababu mara nyingi mama peke yake ndiye anajua unga umebaki kiasi gani, na baba anajua peke yake alipata shilingi ngapi kwenye kibarua. Ugomvi mwingi tunaoitwa kuusuluhisha usiku huanza hapo. Kaeni jioni moja kabla ya siku ya mgao. Andikeni: tuna nini, tunadaiwa nini, nani anaweza kufanya kazi gani, miezi ipi ni migumu. Kwetu Isingiro mvua huja kuanzia Machi na kuanzia Septemba, na mara nyingine huchelewa au hukatika. Kwa hiyo majuma ya kabla ya mavuno, shamba likiwa bichi na ghala likiwa tupu, ndiyo mabaya. Anayepata fedha Januari akajua kwamba Aprili ni ngumu, ataitumia kwa namna nyingine.

Kuhusu kazi, kumbukeni kwamba Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini. Kabla ya kushika jembe kwenye shamba la mtu, patana malipo mbele ya shahidi, na mkubaliane ni fedha au ni ndizi.

Vitu ambavyo havipunguzwi

Hapa ndipo penye uzito wa makala hii. Chakula kikipungua, familia nyingi hupunguza kwa usawa: kila mtu sahani ndogo. Inaonekana ni haki, lakini si haki kwa mtoto mdogo. Mtu mzima anaweza kula mara moja kwa siku kwa muda, akakonda, kisha akarudi. Mtoto aliye chini ya miaka miwili hana akiba mwilini. Majuma machache tu ya njaa yanaweza kumfikisha kwenye hatari, na kurara moja kunaweza kumaliza kazi.

Kwa hiyo amueni mapema, njaa haijafika, kwamba sahani ya mtoto wa chini ya miaka miwili, ya mama mjamzito na ya mama anayenyonyesha hazitaguswa. Wengine ndio wapunguze.

Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye tu, bila maji, bila uji. Kuna mama atasema: "Mimi mwenyewe sijala, maziwa yatatoka wapi?" Maziwa yanatoka. Mwili wa mama hutengeneza maziwa hata chakula kikiwa kidogo, na jinsi mtoto anavyonyonya ndivyo yanavyoongezeka. Anayeumia ni mama, ndiyo maana tunaomba alishwe yeye. Kununua maziwa ya ng'ombe na kuyazimua kwa maji ni kupoteza fedha na kumwita mtoto kuhara. Baada ya miezi sita aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, akiongezewa chakula. Uji wake uwe mzito. Uji ukimwagika kutoka kwenye kijiko kama maji, umejaza tumbo la mtoto kwa maji. Afadhali kikombe kidogo kizito, kilichotiwa karanga zilizosagwa au ndagala waliopondwa, au mukene kama wanavyowaita hapa, kuliko bakuli kubwa jepesi.

Kuna vitu vingine ambavyo watu huuza haraka, na sisi watu wa afya hulia tunapoviona sokoni. Chandarua ni kimoja. Bei yake sokoni ni ndogo, na malaria ya mtoto mmoja inakula siku za kibarua za mama zaidi ya bei hiyo. Sabuni ni kingine. Na zile pakiti za tiba za karanga wanazopewa watoto wenye utapiamlo mkali: kila pakiti ina kilokalori zipatazo 500 na imepimwa kama dawa. Ukimgawia kaka yake, au ukaibadilisha kwa unga, mgonjwa hapati dozi yake. Ni sawa na kuvunja kidonge cha malaria vipande vinne ili kila mtoto apate.

Wale wanaomeza dawa kila siku, za ukimwi au za kifua kikuu, wengine huacha kwa sababu dawa kwenye tumbo tupu inawasumbua. Msiache. Mwambieni mganga wazi kwamba nyumbani hakuna chakula, atawashauri namna ya kumeza. Hakuna aibu katika jambo hilo, na ukinyamaza yeye hawezi kujua.

Njaa inapotaka njia ya mkato

Sisi tuliotoka Kongo tunajua muhogo. Tunajua pia kwamba muhogo mchungu una sumu, na kwamba mama zetu huuloweka siku tatu au zaidi hadi ulainike, kisha wanauanika juani. Shida inakuja wakati wa njaa: siku tatu zinakuwa moja, kwa sababu watoto wanalia leo. Hapo ndipo ugonjwa wa konzo huingia. Miguu inakuwa dhaifu ghafla, mtu anatembea kwa vidole, na haiponi tena. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walipooza hivyo katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Na hapa hapa Uganda, wilaya ya Kasese, Septemba 2017, watu 98 waliugua na 2 wakafa kwa sumu ya unga wa muhogo.

Msifupishe siku za kuloweka. Kama umenunua unga sokoni na hujui ulilowekwa siku ngapi, uchanganye na maji uwe tope, uutandaze uwe mwembamba kwenye turubai safi, uuache kivulini saa tano au juani saa mbili, ndipo usonge ugali siku ileile. Sumu inaondoka kama hewa. Njia hiyo imetumika Kongo, huko Popokabaka, kuzuia konzo. Kula maharagwe au samaki pamoja na muhogo nako kunausaidia mwili kuishinda sumu inayobaki.

Njia nyingine ya mkato ni kula mbegu. Mbegu ulizotunza mwenyewe ukizila, umekula mavuno ya msimu ujao, hilo kila mkulima analijua. Lakini mbegu zilizotiwa dawa, zile zenye rangi nyekundu au ya waridi, zina sumu. Kuziosha hakuondoi. Kuzichemsha hakuondoi. Msimpe hata kuku.

Na mahindi yenye ukungu pia. Mtu aliyeweka akiba ya mahindi huona vibaya kuyatupa, akayasaga akisema moto utaua. Moto hauiui sumu ya kuvu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua ini na 125 wakafa kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Anayetaka kuweka akiba ayakaushe kwanza hadi punje ikatike kwa kishindo ukiiuma, ayaweke juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu.

Deni la duka

Deni halina rangi ya njano wala nyekundu kwenye utepe wangu, lakini nalihesabu kati ya magonjwa. Kawaida huanza kwa kidogo. Unachukua kawunga dukani kwa mkopo, unaacha kadi ya mgao kwa mwenye duka "kwa siku mbili". Siku ya mgao anakuja yeye kuchukua. Mwezi unaofuata unaanza ukiwa huna kitu, unakopa tena. Kwa mwenye asilimia 30, aliyekuwa na siku 9, sasa ana siku 4 au 5, na kadi haiko mkononi mwake. Siku ya uhakiki majina yakisomwa, huna cha kuonyesha. Kadi isitoke nyumbani, hata kwa rafiki.

Vilevile wale wanaokopesha debe moja la mahindi wakati wa njaa ili urudishe madebe mawili wakati wa mavuno. Hesabu vizuri: nusu ya unachorudisha umemlimia mtu mwingine. Kama huna njia, kopa, sitakuhukumu. Lakini uliza kwanza unarudisha nini, lini, na ikiwa mvua haikunyesha itakuwaje.

Kinachosaidia kuliko mkopo wa duka ni sanduku la kikundi. Njia hii ya kuweka na kukopeshana ilianza Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini wakisaidiwa na shirika la CARE, na leo imeenea karibu Afrika yote. Watu wapatao 15 hadi 25 wanaofahamiana hukutana kila wiki. Kila mmoja hununua hisa, kuanzia moja hadi tano, kwa bei waliyokubaliana wenyewe, na hisa hugongwa muhuri kwenye kitabu chake. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti, wala mtunza sanduku hana ufunguo. Hakuna anayefungua ila mbele ya wote. Anayekopa hurudisha na faida ndogo, na faida hiyo ni ya wanachama. Mwisho wa mwaka wanagawana.

Mambo mawili kuhusu vikundi vyetu. La kwanza, wekeni mfuko wa jamii ulio mbali na hisa, hata shilingi kidogo kila wiki, kwa ajili ya ugonjwa na msiba, usiwe na faida. Mama ambaye mtoto amezidiwa usiku anahitaji nauli ya boda boda sasa hivi, na hawezi kungoja kikao. La pili, vikundi vingi hugawana Desemba, fedha zikaisha kwenye sikukuu. Kwa maoni yangu afadhali kugawana mwishoni mwa Agosti, wakati mbegu zinatakiwa na shule zinakaribia kufunguliwa. Sherehe haitakosekana.

Udongo mdogo tulio nao

Viwanja vyetu ni vidogo na wengine tuko kwenye mawe. Hata hivyo gunia moja lililojazwa udongo na samadi, lenye mashimo ubavuni, linabeba miche mingi ya mboga kuliko unavyodhani. Lengalenga inaanza kuchumwa baada ya wiki tatu hadi nne. Ni zao linalokimbia. Maboga hupandwa pembeni, majani yake ni mboga kabla boga halijakomaa. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina vitamini A, na majani yake nayo huliwa. Maji ya kusuuzia vyombo yanatosha kumwagilia gunia wakati wa kiangazi. Sombe kila mtu anaipanda bila kuambiwa, ila iponde na kuichemsha vizuri, maana majani nayo yana sumu ileile ya muhogo.

Kuni nazo ni gharama. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, na sufuria ikafunikwa, yanaiva mapema sana. Nilizunguka nyumba za jirani zangu na kukuta wachache tu wanafanya hivyo, wengine wakisema maharagwe hupoteza ladha. Jaribuni mara moja, mtuambie.

Wakati wa kuja kwetu

Kila mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 anaweza kupimwa mkono bila malipo na mhudumu wa afya wa kijiji chako. Kijani ni vizuri. Njano, kati ya sentimita 11.5 na 12.5, ina maana ameanza kushuka, aletwe kituoni wiki hiyohiyo. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, aletwe leo. Pia bonyeza miguu yake yote miwili kwa kidole gumba, uhesabu hadi tatu. Pakibaki shimo, ana uvimbe wa utapiamlo hata kama anaonekana mnene, aletwe leo pia. Mtoto aliyekataa kula, anayetapika kila kitu au aliyelegea asingoje asubuhi.

Mgao ukibadilika, au ukihamishwa daraja na unaona si sawa, peleka malalamiko kwenye dawati la malalamiko siku ya ugawaji, ukiwa na kadi na watoto wadogo ulio nao. Na mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako kwamba nyumba yako imekatwa, ili apite kupima watoto kila wiki mbili badala ya kila mwezi.